Ukishasema Halimo

Mwanangu Naomi,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza vilevile: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Tulifundishwa hivyo shuleni, tukaandika hivyo miaka yote, hata kwa watu ambao hatukuwa na hofu nao hata chembe. Leo nimeshika kalamu na wewe bado hujaenda mbali. Uko chumba cha pili, nakusikia unavyojigeuza kitandani, na mama yako naye anajifanya amelala. Ila hofu ninayo, na safari hii si ya mazoea ya barua. Basi nianzie hapo hapo: mwanangu, naogopa.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshayasema yote, ya kushona mfuko wa ndani na ya kutokula kitu cha mtu usiyemjua kwenye treni, na alipomaliza akaanza upya. Njia ya Singida, Ikungi hadi Manyoni unaijua kuliko mimi, maana ulishaenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa watu wa redio ukarudi salama. Wakati ule sikuogopa hivi. Nilisema moyoni, watamwona ni mwalimu tu wa shule ya msingi kutoka huku Iramba, watamshukuru kwa adabu, watamrudisha kwa watoto wake wa darasa la nne. Sikufikiri hata kidogo kwamba watakuchukua.

Kinachonitisha ni kazi yenyewe. Watu hapa wamefurahi sana. Mwenyekiti wa kijiji ameshasema kwenye mkutano kwamba binti yetu anakwenda kukaa redioni, na akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba unaolewa. Mimi nilipiga makofi pamoja nao. Hakuna aliyeuliza utakaa redioni ukifanya nini. Walidhani utaimba.

Mimi najua utakachofanya, kwa sababu nimesikiliza shindano lile la maneno kila Jumamosi tangu chama cha ushirika kilipopata redio. Wewe na mimi tulikuwa tukikaa pale ghalani juu ya magunia, watu wamejaa mpaka nje mlangoni. Timu mbili, tuseme walimu upande huu na wafanyakazi wa kiwanda upande ule, wanarushiana maneno. Huyu akitoa neno, yule akilitilia shaka, mtangazaji anasema, "Twende kwa mwamuzi." Hapo ghala lote linanyamaza. Tunasikia kurasa za kamusi zinafunuliwa, taratibu, halafu ile sauti kavu ya yule bwana: "Limo." Au: "Halimo." Na akishasema halimo, kengele inagongwa, watu wa studio wanacheka, na hakuna rufaa.

Unakumbuka tulivyomwita. Bwana Halimo. Watoto walianza kuitumia kila mahali, ndoo ikipandishwa kisimani haina maji wanapiga kelele, halimo. Tulicheka wote. Wewe peke yako hukucheka, ulikuwa unabishana na redio. "Baba, lile neno lipo. Yeye hajalitafuta vizuri." Ukamwandikia. Ukaandika tena na tena, mpaka mtangazaji akakusoma hewani kwa jina, na mama yako akamwaga uji jikoni kwa mshtuko. Sasa macho ya yule bwana yamechoka kusoma herufi ndogo, na kiti chake wanakupa wewe. Toka utotoni hukuweza kuacha kitu kikae upande. Ulimrekebisha mwinjilisti kanisani, meno ya mbele bado hayajaota upya, nikajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Sasa nisikilize. Umesahau yule karani wa Ikungi? Alichaguliwa kwenye timu ya mkoa, tukamsikiliza kwa fahari, mtu wetu. Akatoa neno ambalo watu wa kwao wanalitumia kila siku shambani, mama yake analitumia. Bwana Halimo akafunua kurasa, akasema alivyosema. Kengele. Kicheko. Basi. Nilikutana naye stendi ya Singida baadaye, anashuka kwenye basi na mzigo wake, na wapakizi wakaanza kumwita kwa lile neno. Alicheka nao. Lakini nilimwona alivyoishika kofia yake. Nasikia sasa hata mkutanoni hasimami kusema kitu. Yule bwana wa kamusi hakumtukana. Alisema kweli, neno halikuwemo. Ila hajui hata leo alichomfanyia mtu, kwa sababu alikwenda nyumbani kwake akala chakula chake akalala.

Mwanangu, kazi ya kusema halimo naijua. Mimi niliifanya.

Najua habari ya asali umeisikia. Umeisikia kwa mama yako akikasirika, na kwa shangazi zako wakinong'ona, na kila mmoja ana namna yake ya kuimega. Nataka uisikie kwangu mara moja, nzima.

Kabla yangu mwonjaji wa asali wa chama alikuwa Mzee Msengi, ambaye wewe ulimkuta amekwisha kuzeeka. Watu walileta asali kwa vibuyu na madebe kutoka porini, naye alikuwa na kijiti chake cha mti mweupe alichokimenya mwenyewe. Anachovya, anakinyanyua, anatazama kama uzi wa asali unashuka bila kukatika. Anaielekeza kwenye mwanga. Ananusa. Mwisho ndipo anaonja. Ikiwa imeiva, inamiminwa kwenye pipa la chama. Ikiwa mbichi, imeingia maji, imeanza kuchachuka, hairuhusiwi, kwa sababu kibuyu kimoja kibovu kinaharibu pipa la watu wote.

Lakini hapo ndipo kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikidharau. Mzee Msengi akimkatalia mtu, hakutangaza mbele ya watu. Alifunika kibuyu cha mtu taratibu, akachukua ulezi wa mbegu, gao moja la kiganja, akaufunga kwenye jani, akaufungia juu ya kifuniko. Kisha akakibeba yeye mwenyewe, akamsindikiza mwenye kibuyu mpaka njia panda, wanazungumza. Nilimuuliza siku moja kwa nini anapoteza muda.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu," akaniambia.

"Lakini si kitupu, mzee. Kina asali yake."

"Kina aibu yake. Huko kwake wanamngoja. Akifika na mbegu atasema, nilifuata mbegu. Wewe ukienda kwa watu ukarudishwa na mzigo wako, utasema nini kwa mkeo?"

"Na kule njia panda mnazungumza nini?"

"Namuuliza mizinga yake inaendeleaje. Asali haijiharibu yenyewe, kijana."

Nikaona ni mambo ya wazee. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya ushirika, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, nina mzani wa chama na maneno mapya mdomoni. Tulikuwa tunajenga nchi. Nani ana muda wa kusindikizana? Mzee Msengi alipopumzika nikapewa kijiti, na mimi nikaweka utaratibu wangu: foleni, chovya, onja, inafaa, haifai, anayefuata. Watu walisema Zakaria ana haraka lakini haonei mtu. Nililipenda sana hilo neno, haonei mtu. Nilitembea nalo kifua mbele.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia kijijini. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka lori tu na kuku waliofungwa miguu. Watu waliambiwa siku, na siku ikifika hujahama, unahamishwa. Babu yako Kitundu, baba wa mama yako, alikuwa na mizinga yake kule msituni kwao, mizinga ya kurithi. Hakuna mtu Iramba hii aliyekuwa na asali kama yake.

Siku ya kuleta asali alikuja na vibuyu vyake, akakaa kwenye foleni kama mtu yeyote. Mkwe wangu, mwanangu. Mtu ambaye mimi nikipishana naye njiani nilipaswa nishuke pembeni, ambaye sikuwahi kula naye sahani moja. Nilichovya. Uzi ukakatika. Nikanusa, nikaonja, ilikuwa mbichi, imeshaanza ukali kwenye ulimi. Nikaonja kibuyu cha pili, ni ile ile. Watu wananitazama. Nikajisemea, sasa ndipo watakapojua kama kweli sionei wala sipendelei. Nikamsukumia vibuyu vyake mezani nikasema kwa sauti, "Haifai. Anayefuata."

Aliniangalia kidogo, si kwa hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akaokota vibuyu vyake akaondoka. Mtu fulani kwenye foleni akacheka, halafu wengine wakacheka, na jioni kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mzee Kitundu kaleta maji ya sukari.

Mama yako ndiye aliyeniambia, baada ya kunipikia kwa hasira mpaka nikaanza kuogopa kula chakula chake. Babu yako aliishusha mizinga kabla ya wakati, nyuki hawajaifunga asali, kwa sababu siku ya lori ilikuwa imefika na aliambiwa harudi tena kule. Hakuchanganya kitu. Alikuwa anaokoa alichoweza kuokoa. Na mimi niliyekuwa na ulimi wa kuonja, sikuwa na mdomo wa kuuliza. Ningemsindikiza mpaka njia panda, kama Mzee Msengi, angeniambia kabla hatujafika.

Asali ilikuwa mbichi, Naomi. Mpaka leo nasema ilikuwa mbichi, na ningeikataa hata leo. Usije ukadhani nakufundisha kupitisha kisichofaa. Hilo nalo nililifanya, na ndilo la pili.

Maana baada ya babu yako nikawa mwoga. Msimu uliofuata mwenyekiti wetu wa wakati ule akaleta debe lake, na pembeni yake amesimama mgeni kutoka wilayani mwenye kalamu mfukoni. Nilichovya, nikaonja, nikajua. Ilikuwa imeingia maji kabisa. Nikamtazama mwenyekiti, naye akanitazama huku anatabasamu, na nikamkumbuka mwalimu mmoja aliyehamishwa kwa kumbishia mbele ya wageni. Nikasema inafaa. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Pipa lile lilivimba likiwa ghalani wilayani Kiomboi, likapasuka kwenye mshono, asali ya kijiji kizima ikatapakaa sakafuni na povu. Mwenyekiti akasema pipa lilikuwa bovu. Kila mtu alijua si pipa. Hakuna aliyenilaumu, wakaanza tu kunisalimia haraka haraka na kupita. Nikarudisha kijiti.

Sasa unaona kinachoninyima usingizi. Huko unakokwenda watakuja watu wa wizara, watakuja wakubwa wenye madereva, wacheze kidogo wananchi wafurahi. Mmoja atatoa neno alilozoea kulisema kwenye hotuba, na mpinzani wake atalitilia shaka kwa utani, na mtangazaji atasema twende kwa mwamuzi. Nchi nzima imenyamaza. Wewe binti wa Zakaria umefunua ukurasa na neno halimo. Utafanyaje? Ukisema halimo, naogopa watakachokufanya. Ukisema limo, naogopa utakachojifanya mwenyewe, maana hicho nakifahamu, kinakaa kwenye ulimi miaka.

Na siku nyingine atakuja mtu mdogo, mkulima wa pamba au mama wa kisomo cha watu wazima aliyejua kusoma juzi, atatoa neno la bibi yake. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko mkubwa. Kwa mkubwa utajihadhari. Kwa huyu utakuwa na haraka, utakuwa umechoka, kengele iko karibu, na wewe una haki kabisa. Mtu mwenye haki hajichungi. Mimi siku ile sikuwa na wasiwasi wowote.

Nimetafuta ushauri wa kukupa nimekosa. Ningekuwa na busara ningekuambia usiende, lakini nimeuona uso wako barua yao ilipokuja. Na nikikuambia nenda kwa amani, nitakuwa nimedanganya. Kwa hiyo nakupa kile tu nilichokidharau mimi. Sema halimo, kama halimo. Kwa mkubwa na kwa mdogo, sauti ile ile. Lakini usiishie hapo. Kabla kengele haijalia, mfungie mtu mbegu. Muulize neno hilo wanalisema wapi, kwao, kwenye kazi gani. Sema, kamusi haijafika huko bado. Ni maneno machache tu, wala hayabadilishi alama za mchezo. Lakini yule karani wa Ikungi angeshuka kwenye basi na kitu cha kujibu wapakizi. Watakukataza, watasema muda hautoshi. Mimi pia nilisema muda hautoshi.

Kuna jambo moja mama yako ameniambia nisikuambie mpaka uwe umeshasafiri, na nimeshindwa.

Jana alikwenda kwao kuaga kwa niaba yako. Unajua babu yako hajakanyaga hapa, na mimi sijakanyaga kwake, tangu siku ya foleni. Ukienda kumwamkia unakwenda na mama yako, na mimi nabaki nikijifanya nina kazi bandani. Jana amerudi na kibuyu. Amesema, "Baba kampa mjukuu wake asali ya njiani, ya mizinga yake mipya. Amesema huko mjini wanakula sukari tu." Mama yako akaimimina kwenye chupa, ile aliyokufungia kwenye kanga katikati ya nguo zako. Kikabaki kibuyu mezani na asali kidogo shingoni.

Nilisubiri mpaka amekwenda kukamua mbuzi. Nikachukua njiti ya kiberiti, maana kijiti sina tena, nikachovya. Uzi ulishuka mpaka chini haukukatika. Nilipoonja nililia, nakuambia ukweli, nililia hadi mama yako akarudi akanikuta na njiti mdomoni. Akanitazama. "Inafaa?" akaniuliza. Hakuwa anatania, au labda alikuwa anatania, kwa mama yako huwezi kujua.

Kibuyu kinatakiwa kirudi kwa mwenyewe. Mama yako alitaka akipeleke yeye. Nimemwambia aache. Kesho basi lako likishaondoka Kiomboi sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nimechagua ulezi mzuri, ule mwekundu wa mbegu, nimekijaza kibuyu mpaka shingoni na kufungia jani juu. Nitashika njia ya kwake. Sijui kama atanipokea. Nimejizoeza shikamoo peke yangu leo mchana kama mtoto wa shule. Huenda atakichukua kibuyu asiseme kitu, huenda hatatoka nje kabisa, na mzee wa umri ule ana haki ya yote mawili. Nina hofu kuliko siku niliyokwenda kumposa mama yako. Wewe utakuwa njiani na hutajua ilivyokuwa, na itabidi uningoje, kama mimi nitakavyokungoja wewe.

Maana Jumamosi nitakuwa ghalani, juu ya gunia letu, na kijiji chote kitakuwepo. Watapiga vigelegele jina lako likitajwa. Mimi sitapiga. Nitangoja mtu atoe neno, mwingine alitilie shaka, nisikie kurasa zinafunuliwa na vidole ninavyovijua. Ukisema limo, nitapumua. Ukisema halimo, Naomi, watu wataanza kucheka hapa na huko, na mimi nitawaambia wanyamaze, nisikie kama bado unasema.

Ni mimi baba yako,
Zakaria